Mradi umeisha, hela imeisha, je umefanikiwa? Namna ya kupima bila kujidanganya

Tuanze na kisima. Miaka kadhaa nyuma nilisimamia mradi wa kisima kirefu kwenye kijiji kimoja mkoa wa Singida, mita 90 kwenda chini, pampu ya sola, simtanki la lita 10,000 juu ya mnara, vituo vinne vya kuchotea maji. Tulimaliza wiki mbili kabla ya tarehe, bajeti ilikuwa milioni 68 na chenji ikabaki, mkandarasi hakugombana na mtu, na picha za uzinduzi zilikuwa tamu kweli kweli, mgeni rasmi anafungua koki, kina mama wanapiga vigelegele, maji yanaruka. Kwenye ripoti nikaandika "mradi umekamilika kwa asilimia 100" alafu nikalala usingizi wa pono.

Miezi saba baadae nikapita tena pale nikiwa naelekea kwingine, nikasema ngoja nikasalimie kisima changu. Koki ukifungua maji yanatoka vizuri tu, ila hakuna mtu. Mbuzi wamejilaza kwenye kivuli cha mnara. Mbele kidogo nikakutana na bibi mmoja anatoka mtoni na dumu kichwani, yale maji ya kufukua mchangani, nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamuuliza bibi mbona unahangaika mpaka mtoni na bomba si lile pale? Akaniangalia kwa huruma kabisa, akasema, "Mwanangu, maji yenu yale hayaivishi maharage. Unakoka moto asubuhi mpaka jioni, maharage yanakutolea macho tu. Na sabuni haitoi povu."

Maji magumu. Na kipimo cha maabara tulikuwa nacho, ugumu wa maji ulikuwa umeandikwa pale ukurasa wa pili, ila kwa vile ugumu haudhuru afya hakuna aliyejali, mimi nikiwemo, sisi tulichokuwa tunatafuta ni vijidudu na madini ya sumu. Tulipima kina, tukapima lita kwa saa, tukapima shilingi, tukapima siku. Ila chungu cha maharage hakikuwa kwenye fomu yoyote.

Tangu siku ile nimebadilisha namna ninavyoanza mradi wowote, uwe wa maji, wa kujenga darasa, hata wa kutengeneza programu ya kompyuta ya ofisini (nimewahi kufanya hiyo pia, ni hadithi ndefu). Ninachokuelezea hapa chini ndo namna yenyewe, na sio lazima uwe injinia, hata kama we ni mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa zahanati itakusaidia.

Tenganisha mambo mawili kwanza

Kuna kazi kufanikiwa, na kuna mradi kufanikiwa. Watu wanavichanganya hivi vitu kila siku. Kazi kufanikiwa ni maswali ya msimamizi: tumemaliza kwa wakati? Hela imetosha? Tumejenga kilichokuwa kwenye michoro? Hiyo ndo ile pembetatu maarufu ya muda, gharama na ukubwa wa kazi, ambayo Mwingereza mmoja anaitwa Martin Barnes aliichora mwaka 1969 na mpaka leo kila anayesoma usimamizi wa miradi lazima akutane nayo. Mradi kufanikiwa ni swali la mtumiaji: kitu kilichoniletea shida kimeondoka au bado kipo? Kisima changu kilifaulu mtihani wa kwanza kwa maksi za juu, wa pili kikapata sifuri.

Inawezekana pia ikawa kinyume. Jumba la opera la Sydney kule Australia, ile michoro ya Jørn Utzon ilishinda shindano mwaka 1957, ujenzi ukaanza 1959, wakasema litagharimu dola milioni 7 za kwao na litaisha 1963. Liliisha 1973, gharama ikiwa milioni 102, na Utzon mwenyewe alishaondoka kwa hasira mwaka 1966. Kwa pembetatu ya Barnes huko ni kufeli kabisa, hakuna pa kujitetea. Ila nenda leo kamuulize mtu yeyote picha gani inamjia akisikia jina Australia. Mwaka 2007 UNESCO wakaliingiza kwenye urithi wa dunia. (Nakuomba tu usije ukajificha nyuma ya Sydney pale utakapochelewa wewe. Nimewaona mameneja wanafanya hivyo, darasa la shule ya msingi limechelewa mwaka mzima na jamaa anataja opera.)

Alafu kuna mfano wa nyumbani ambao mi naona una mafunzo kuliko Sydney, nao ni ule mpango wa karanga wa Waingereza enzi za Tanganyika. Baada ya vita kuu ya pili Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, wakatuma timu mwaka 1946 ikazunguka miezi michache tu, ikarudi na mpango wa kulima karanga ekari zaidi ya milioni 3 kwa pauni milioni 25 hivi. Kongwa, Urambo, Nachingwea. Kongwa ndo walianzia. Sasa angalia kilichokuwa kinahesabiwa: ekari zilizosafishwa. Mwaka wa kwanza lengo lilikuwa ekari 150,000, wakaishia kupanda ekari ambazo hazikufika hata elfu kumi, presha ikapanda, matrekta yakaongezwa, hadi vifaru vya vita vikageuzwa matrekta, kazi kung'oa miti tu. Na udongo wa Kongwa jua likiuwakia unakuwa kama saruji, mvua zenyewe mtu yeyote wa Dodoma angewaambia zikoje. Mwaka 1951 wakafunga biashara, hasara kama pauni milioni 36. Ekari zilikuwepo, karanga hazikuwepo. Kule kusini ikabaki bandari ya Mtwara na reli iliyokuja kung'olewa baadae, na bandari ile inafanya kazi mpaka leo, tena sasa hivi ni ya korosho, kitu ambacho hakikuwa kwenye lengo la mtu yeyote mwaka 1946.

Kwahiyo hata kwenye daftari lako, chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika "kazi", kulia "mradi". Kila kipimo utakachokiweka jiulize kinaingia upande gani. Ukiona kulia kweupe ujue unaenda kusafisha ekari.

Andika sentensi moja, na iandikwe na anayehusika

Kabla ya andiko la mradi, kabla ya BOQ (ile orodha ya kazi na vifaa pamoja na bei zake), kabla ya kumpigia simu mkandarasi, kaa na watu watakaotumia hicho kitu na mpate sentensi moja yenye vitu vinne: nani, ataweza kufanya nini ambacho leo hawezi, kufikia lini, na tutajuaje. Sio "kuboresha huduma ya maji kwa jamii", hiyo ni sentensi ya bango. Yangu ya siku hizi inakuwa hivi: "Kufikia Septemba mwakani, mama wa kitongoji hiki atachota dumu mbili na kurudi nyumbani ndani ya nusu saa, foleni ikiwemo, na maji hayo atapikia na kufulia."

Nusu saa sijaiota mimi, ndo kipimo wanachotumia WHO na UNICEF duniani kote kuhesabu nani ana huduma ya msingi ya maji, dakika 30 kwenda na kurudi pamoja na foleni. Na sera yetu ya maji ya mwaka 2002 ilisema lita 25 kwa mtu kwa siku, umbali usizidi mita 400, kituo kimoja kihudumie watu 250. Kama kuna kiwango tayari kwenye sekta yako kichukue, usianze kubuni cha kwako. Alafu ongezea kile ambacho kiwango hakijui. "Atapikia na kufulia" ndo nyongeza yangu, na nimeilipia.

Ugumu wa hatua hii ni kumpata mtu sahihi wa kuandika naye. Ukiitisha mkutano wa kijiji watakaa mbele wazee na mwenyekiti na mtendaji, wataongea vizuri sana, na wengi wao hawajabeba dumu tangu wakiwa watoto. Kina mama wapo nyuma wameshika watoto, kimya. Mimi nikimaliza mkutano huwa naenda pale maji yanapochotwa, naenda asubuhi sana, nasaidia kutwika ndoo na napiga stori, na hapo ndo unasikia yote, kwamba kisima cha mzee fulani kina chura, kwamba foleni inaanza saa kumi usiku, kwamba wasichana wanapitia kwenye pori ambalo wazazi hawalipendi. Kwenye ofisi ni hivyo hivyo, mkurugenzi atakwambia anataka mfumo mpya wa ripoti, ila anayejaza hizo ripoti ni binti wa mapokezi, nenda kakae naye siku nzima umuone anavyoteseka.

Mlazimishe bosi achague

Muda, gharama, ukubwa wa kazi. Kila mfadhili akiulizwa kipi ni muhimu atasema vyote. Usikubali. Muulize hivi: likitokea la kutokea, kipi hakiguswi kabisa, kipi kinaweza kunyooka kidogo, na kipi ndo tutakitoa kafara? Na apange kwa maandishi, moja, mbili, tatu. Mfano visima vya Singida na Dodoma mara nyingi muda ndo haugusiki, manake masika ikianza lori la kuchimbia haliingii, linazama kwenye tope na utalilipia siku zote litakazokaa hapo. Kwahiyo heri vituo vinne vipungue viwe vitatu kuliko kuvuka Disemba. Ila ukijenga daraja la waenda kwa miguu, ubora haujadiliwi, bora lichelewe. Mkishakubaliana hivi mwanzoni, siku bei ya saruji ikipanda hamtoani macho, mnafungua ukurasa tu.

Pima kabla hujagusa kitu

Hii ndo hatua inayorukwa kuliko zote na ndo maana ripoti nyingi zinasema "hali imeboreka" bila kujua ilitoka wapi. Unahitaji kaunta buku, saa ya simu, na mtu mwaminifu. Mi huwa natafuta kijana aliyemaliza kidato cha nne yuko tu kijijini, namlipa posho ya siku tatu, anakaa kisimani toka alfajiri mpaka jua linazama. Anaandika: saa ya kufika, dumu ngapi, saa ya kuondoka, ametoka kitongoji gani. Basi. Ukijaribu kumjazisha fomu ya kurasa sita atakaa chini ya mti ajaze majibu kutoka kichwani, na ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo.

Chagua siku vizuri. Siku ya mnada sio siku ya kawaida, Jumapili sio siku ya kawaida. Na zaidi ya yote angalia msimu. Ukipima hali ya mwanzo mwezi wa kumi, kiangazi kimekolea, mto umekauka, alafu ukaja kupima matokeo mwezi wa tatu maji yapo kila dimbwi, utapata namba nzuri mno na zote ni za mvua, sio za kisima. Nimeona ripoti iliyofanya hivi, sitaitaja ni ya nani, grafu ilikuwa imepanda kama Kilimanjaro. Mwezi uliopimia mwanzo ndo huo huo upimie mwisho.

Vipimo viwe vichache, vitano vinatosha

Nikiona mradi wa mwaka mmoja una viashiria 34 najua hakuna atakayevisoma. Mi siku hizi naishia vitano, na kila kimoja kina mwenyewe, kina mahali data inapotoka, kina tarehe, na kina kitu ambacho watu wanakisahau: kikomo cha kufeli. Yaani namba ambayo tukifika hapo tunakubali tumefeli bila kupindisha maneno. Kwa mfano, lengo dakika 30, kikomo cha kufeli dakika 45. Ukipata 38 hujafaulu ila hujafeli, kuna kazi ya kufanya. Bila hicho kikomo kila namba utakayoipata utaitafutia maelezo mazuri, binadamu ndivyo tulivyo.

Kwenye kisima vitano vyangu ni hivi: dakika za kwenda na kurudi, siku ambazo maji hayakutoka kwa mwezi, nyumba ngapi kati ya 20 tulizozichagua kwa kura zinatumia maji ya bomba kupikia, shilingi ngapi zipo kwenye akaunti ya jumuiya ya watumia maji, na siku ngapi zinapita toka kitu kiharibike mpaka kitengenezwe. Angalia, cha nne hakihusiani na maji kabisa, ila mi ndo nakiamini kuliko vyote. Pampu itakufa siku moja, hilo halina mjadala. Kama jumuiya wanauza ndoo shilingi 50 na mwisho wa mwaka hawana hata laki tatu benki, kisima hicho kina tarehe ya kufa tayari, haijaandikwa tu. Wizara ya Maji walipohesabu vituo vya vijijini nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 2010 ilikutwa takriban vinne kati ya kila kumi havifanyi kazi, na vyote hivyo viliwahi kuzinduliwa na kupigwa picha.

Na ukiweka kipimo, jiulize mtu mvivu au muoga atakichezeaje. Ukimwambia meneja atapimwa kwa idadi ya watu waliohudhuria semina, watu watahudhuria semina, wengine mara tatu kwa majina tofauti. Ukihesabu vituo vilivyojengwa, utapata vituo vingi vilivyobanana sehemu moja kwa sababu bomba ni fupi na ni rahisi. Kama kipimo kinachezewa kirahisi kiambatanishe na kingine kinachokisuta, idadi ya vituo pamoja na umbali, idadi ya waliohudhuria pamoja na wanaofanya walichofundishwa mwezi mmoja baadae.

Kazi ikiendelea: hesabu ya mafundi

Hapa ntakaa kidogo kwa sababu ndo sehemu hela inapopotelea. Ukimuuliza fundi kazi imefika wapi atakwambia "bosi, asilimia tisini". Wiki ijayo asilimia tisini. Mwezi ujao, bado kumalizia tu bosi, asilimia tisini na tano. Dawa yake ni kukataa asilimia. Gawa kazi vipande vidogo, kila kipande kipe thamani yake ya shilingi kutoka kwenye BOQ, alafu kipande kikiwa hakijaisha na kukaguliwa ni sifuri, kikiisha ni chote. Mnara wa tanki ni milioni 6? Zege la juu halijamwagwa? Basi ni sifuri, hata kama nguzo zote nne zimesimama na fundi amenuna. Ukishapata hivyo hesabu inakuwa nyepesi, hata Excel huhitaji.

Chukua mradi wa milioni 60, miezi sita. Mwezi wa tatu umeisha. Ratiba inasema mpaka leo kazi za milioni 30 ziwe zimeisha. Unazunguka saiti unahesabu vipande vilivyoisha kweli, unapata vya milioni 24. Unafungua risiti na hati za malipo, umeshatumia milioni 33. Sasa watu wengi wanafananisha 30 na 33 wanasema tumezidi milioni 3 tu, sio mbaya. Hapana! Gawa 24 kwa 33, unapata 0.73, manake kila shilingi mia unayotoa inakuletea kazi ya shilingi 73. Gawa 24 kwa 30, unapata 0.8, manake unaenda kwa mwendo wa asilimia 80 ya uliopangwa. Na mkiendelea hivi hivi bila kubadilisha kitu, chukua 60 gawa kwa ile 24 juu ya 33, mradi wako wa milioni 60 utaisha kwa milioni 82 na nusu. Hiyo unaijua mwezi wa tatu, bado una miezi mitatu ya kufanya kitu, ya kukaa na mkandarasi, ya kwenda kwa mfadhili na uso mkavu. Hesabu hii sio ya kwangu, Wizara ya Ulinzi ya Marekani ndo waliifanya iwe sharti kwa wakandarasi wao toka 1967, kwa mambo ya ndege na makombora, ila inafanya kazi vile vile kwenye choo cha matundu sita.

Ila kumbuka, haya yote yapo upande wa kushoto wa ukurasa wako. Unaweza ukawa na 1.0 safi kila mwezi na maharage yakabaki mabichi.

Katikati hapo patatokea mtu na ombi. Mwenyekiti wa kijiji atasema mkishakuwa na saruji pale, si muongezee na kibaraza cha ofisi. Diwani atataka bomba lipite kwake. Usikatae kwa ukali na usikubali kwa aibu, mwambie mzee naomba tuandike, alafu andika kitu gani, gharama gani, siku ngapi, na kinaathiri kipi kati ya vile vitano. Mara nyingi wakiona inaandikwa wanaghairi wenyewe. Wasipoghairi basi angalau mwisho wa mradi unajua milioni 4 zilikwenda wapi.

Siku ya makabidhiano sio siku ya kupima

Siku ile kila kitu ni kipya. Pampu mpya, rangi mpya, kamati ina sare. Kama Mwenge unapita basi na barabara imechongwa. (Tena watu wa Mwenge nawaheshimu kwa jambo moja, kuna miaka kiongozi wa mbio amefika saiti, akadai nyaraka, akagonga ukuta, akagoma kuzindua. Ni ukaguzi mkali kuliko wa mameneja wengi.) Ila hakuna mtu anayeweza kukwambia siku hiyo kama mradi umefanikiwa, na ukiandika kwenye ripoti kwamba umefanikiwa unaandika utabiri.

Kwahiyo weka tarehe mbili kwenye mkataba na mfadhili toka mwanzo: miezi sita na miezi kumi na mbili baada ya kukabidhi. Na zitengee hela. Hapa ndo wengi wanaanguka, mradi ukifungwa akaunti inafungwa, gari linakwenda mradi mwingine, na hakuna mtu ana mafuta ya kurudi. Mi natenga kiasi kidogo tu, dizeli ya safari mbili, posho ya yule kijana wa kaunta buku, na hela ya kupima maji tena maabara. Kwenye mradi wa milioni 60 haifiki hata milioni moja na nusu. Mfadhili akikataa kulipia hiyo mwambie taratibu tu kwamba anakataa kujua hela zake zilifanya nini.

Ukirudi, usipige simu kabla. Ukipiga simu utakuta pamefagiliwa na kamati imekaa na daftari. Nenda moja kwa moja kwenye kituo cha mwisho kabisa kwenye mstari wa bomba, kile cha mbali, fungua koki uone presha. Angalia chini kama pana tope la watu kukanyaga au majani yameota, majani yakiwa yameota huhitaji dodoso. Alafu ndo uende kwenye nyumba zile 20, uliza maji ya kupikia leo yametoka wapi, na uombe kuonyeshwa, kwa adabu, sio kama askari. Ofisi ya kijiji iwe ya mwisho.

Ukikuta umefeli, andika. Andika kwa sentensi fupi, kipimo, lengo, tulichokuta, tunadhani kwanini. Mara ya kwanza nilivyopeleka ripoti ya aina hiyo nilijua kibarua kimeota majani, kumbe yule mfadhili alisoma ukurasa mmoja ule kuliko kurasa zote arobaini za nyuma, na swali lake likawa moja tu, itagharimu kiasi gani kurekebisha. Sisemi wote wako hivyo. Wapo ambao watakunyima mradi unaofuata na wampe anayeandika asilimia 100.

Kile kisima cha kwanza hatukukifukia. Kina mama walikubaliana maji yale yawe ya mifugo na ya kufyatulia matofali, jumuiya wakaweka bei ya ng'ombe, na ukweli ni kwamba akaunti yao sasa hivi ina hela kuliko vijiji vingi vya jirani. Sijui nikiweke kwenye safu gani. Kwa ile sentensi ambayo tungeiandika mwanzoni, kimefeli.

Kisima kilichofuata, kwenye kijiji kingine, tulipomaliza kuchimba na kabla ya kulipia pampu, nilijaza dumu mbili za yale maji. Moja nikapeleka maabara ya maji. Nyingine nikampelekea bibi mmoja pale kijijini pamoja na kilo ya maharage ya soya njano, nikamuomba apike kama anavyopika siku zote, na pembeni apike na maji yake ya mtoni. Injinia alicheka mpaka akakaa chini. Bibi akaweka meko mawili, akatia kuni, tukakaa. Masaa mawili na nusu kwa chungu cha mtoni, masaa mawili na dakika arobaini kwa cha kwetu. Akaonja, akanipa na mimi kijiko, akasema hayana neno. Ndo nikasaini hati ya pampu.